Ijumaa usiku Boulder: jinsi ya kwenda kuangalia nyota Fiske na Sommers-Bausch

Wengi wetu tunaokaa Denver na Aurora tumeshapita Boulder, tumepiga picha milimani, tumekula, tumerudi, na hatujui kama mle ndani ya kampasi ya University of Colorado kuna jengo lenye kuba ambalo mtu yeyote, awe mwanafunzi asiwe mwanafunzi, anakata tiketi anaingia anaonyeshwa mbingu nzima, alafu akitoka hapo anaenda jengo la jirani anachungulia kwenye darubini za ukweli bila kutoa hata senti. Nikiwaambia watu naambiwa aah hiyo si ya wasomi bana. Sio ya wasomi. Wanaoendesha shoo wengi ni wanafunzi wa chuo wanaopenda hayo mambo na hakuna kinachowafurahisha kama mtu kuwauliza swali la kawaida kabisa, kwa hiyo toa hofu, soma hapa mpaka mwisho, alafu chagua Ijumaa yako.

Kwanza elewa ni sehemu mbili tofauti

Hapa ndo watu wanachanganya. Fiske Planetarium ni ukumbi. Ulifunguliwa mwaka 1975, kuba lake lina kipenyo cha futi 65, yaani karibu mita 20, ni kubwa kweli, unakaa kwenye kiti unaegemea nyuma na dari yote inageuka kuwa anga. Zamani nyota zilikuwa zinarushwa na lile dude la Zeiss, yaani projekta ya nyota, lililokaa katikati ya ukumbi, baadae ukafanyika ukarabati mkubwa na kuanzia 2013 mambo ni ya dijitali, ndo maana sasa hivi wanaweza kukuonyesha anga la mahali popote duniani na hata kukutoa duniani kabisa ukaiona kwa mbali. Hii ya Fiske unalipia, na mawingu hayahusiki, hata kama nje theluji inamwagika shoo iko pale pale.

Sommers-Bausch Observatory ni jengo lingine, jirani kabisa, unatoka mlango huu unatembea kidogo umefika. Hilo lipo tangu 1953 na ndo lenye darubini. Wakati chuo kiko kwenye semista wanafungulia watu wa nje karibu kila Ijumaa usiku, bure, lakini hapa hali ya hewa ndo bosi, mawingu yakitanda hamna kitu. Sasa kuna mtu anakata tiketi ya Fiske akidhani amelipia darubini, anafika kuna mawingu, anaambiwa leo darubini hakuna, ananuna mpaka Denver. Ulicholipia umepata, kile kingine kilikuwa cha bure na Mungu hakutoa kibali.

Hatua ya 1: chagua Ijumaa kwa kuangalia mwezi, sio kwa kuangalia mshahara

Ijumaa ndo siku pekee unayoweza kupiga vyote viwili kwa safari moja, shoo jioni alafu darubini baada ya shoo. Ila sio kila Ijumaa ni sawa.

Kama unapeleka watoto au watu ambao hawajawahi kuchungulia darubini maishani mwao, tafuta Ijumaa ambayo mwezi uko siku ya tano mpaka ya tisa tangu uandame. Wale tuliozoea kuhesabu mwezi wa Kiislamu hii ni rahisi, huhitaji apu. Mwezi wa siku hizo jua linaupiga kwa ubavu, kwa hiyo pale katikati panapokutana mwanga na giza milima na mashimo ya mwezini yanatupa vivuli virefu, unaona kabisa hili ni shimo na huu ni ukingo wake. Mwezi mpevu, huo wa tarehe 14 na 15 ambao kila mtu anaupenda, kwenye darubini unaboa, jua linaupiga kwa mbele, vivuli hamna, umekuwa mweupe tu unaumiza jicho, na mbaya zaidi unazima vitu vyote hafifu angani.

Kama wewe unataka galaksi na mawingu ya gesi basi kinyume chake, nenda mwezi ukiwa haupo au umechelewa sana kuchomoza.

Alafu saa za jua. Huku sio nyumbani ambako Magharibi ni saa kumi na mbili na ushee mwaka mzima. Boulder mwezi wa 12 jua linazama kwenye saa kumi na nusu jioni, mwezi wa 6 linazama saa mbili na nusu usiku na giza la maana unalipata karibu saa nne. Kwa hiyo ukiwa na watoto wadogo, mwezi wa 10 mpaka wa 3 ndo kipindi chako, baridi ipo lakini giza linaingia mapema mtoto bado ana akili zake. Kiangazi hata hivyo chuo kimefungwa na zile Ijumaa za darubini huwa zinasimama.

Hatua ya 2: chagua shoo, na hapa usikurupuke

Fungua kalenda ya Fiske kwenye simu. Utakuta vitu vya aina tatu nne vimechanganyika. Kuna filamu za kujaza kuba lote, zimesharekodiwa, unakaa unaangalia. Kuna za muziki na leza, hizo ni burudani, vijana wanazipenda, taa na rangi na spika zinapigwa mpaka kiti kinatetemeka, usipeleke kichanga huko. Kuna mihadhara ya wanasayansi wa chuo wakieleza kazi zao. Na kuna zile ambazo mtu anasimama na maiki anakuonyesha anga la usiku huo, laivu, anaongea na watu.

Ushauri wangu, kama ni mara ya kwanza chukua hiyo ya laivu. Filamu ni nzuri sikatai, lakini filamu haijui kama wewe umetokea Kigoma. Mtangazaji mwenye maiki anaweza kusikia swali lako akabonyeza vitu ukajibiwa kwa macho, na hiyo ndo sababu kubwa ya mimi kuandika haya yote, nitairudia huko chini.

Saa ilivyoandikwa kwenye tiketi soma vizuri. 7:00 PM ni saa moja usiku. Najua unajua, lakini mama mkwe akija kutembelea na ukamwandikia "saa 7" kwenye WhatsApp atakuwa amevaa amekaa sebuleni mchana anakusubiri.

Hatua ya 3: tiketi

Nunua onlaini kabla. Kuna bei ya mtu mzima na kuna bei pungufu, za watoto, wanafunzi na wazee, kwa hiyo kabla hujabonyeza kulipa angalia umechagua kila mtu kwenye kundi lake, babu wa miaka 70 usimlipie kama kijana. Shoo za wikiendi zinajaa. Na fika mapema, dakika 20 kabla ni sawa, mana taa zikishazimwa kuingia ni tabu kwako na kwa wenzako, giza la mle ndani ni giza kweli sio la sinema. Yule wa "tuko njiani" leo ajue njiani hakuna shoo.

Hatua ya 4: kufika

Ukiwa na gari, kutoka Denver ni barabara ya US 36 moja kwa moja, ukishafika Boulder unaingia kampasi unatafuta Regent Drive. Paking za chuo ni za kulipia na kila moja ina masharti yake, soma kibao mpaka mwisho, wale jamaa wa kuandika faini hawana mchezo. Kitu kimoja cha kuangalia kabla hujapanga kwenda Fiske Jumamosi, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo, wale Buffaloes, inacheza Folsom Field ambao uko hapo hapo kampasi na unaingiza watu kama elfu 50. Siku wanacheza nyumbani hupati paking, hupati pa kupita, hupati chochote. Angalia ratiba ya mechi kwanza.

Bila gari inawezekana pia. Kutoka Aurora panda treni ya R Line mpaka Peoria, badilisha treni ya A Line mpaka Union Station, hapo chini kwenye mabasi tafuta Flatiron Flyer namba FF1 ya Boulder. Ikishaingia Boulder inapita Broadway pembeni ya kampasi, shuka eneo la Regent kisha utembee, sio mbali. Habari njema kwa wenye familia ni kwamba kwa RTD, wale wenye hizo treni na mabasi, kuanzia miaka 19 kushuka chini hawalipi nauli, kwa hiyo mama mwenye watoto wanne anajilipia yeye tu. Ila kabla hujatoka nyumbani piga skrinshoti ya ratiba ya basi la kurudi, mana ukisema utaangalia baadae, baadae simu ina asilimia tatu.

Hatua ya 5: fika jua halijazama, utembee mfumo wa jua

Watu wengi wanaruka hii na kwa maoni yangu ndo kitu bora kuliko vyote pale, na ni bure, na hakihitaji tiketi wala Kiingereza.

Nje ya mlango wa Fiske kuna Jua. Mfano wa Jua, umetengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa bilioni 10, yaani kila kitu kimepunguzwa mara bilioni 10, ukubwa pamoja na umbali. Jua kwa kipimo hicho lina kipenyo cha sentimita 14, sawa na balungi. Sasa simama hapo na mtoto umuulize, kama Jua ni hili, Dunia yetu itakuwa kubwa kiasi gani na itakuwa wapi. Mwache abahatishe. Atakuonyesha ngumi yake. Alafu tembeeni mita 15 mpaka kwenye nguzo ya Dunia muangalie: Dunia ina milimita moja na nukta tatu. Ni kidoti. Ndani ya hicho kidoti kuna Aurora, kuna Bukavu, kuna Bahari ya Hindi yote na madeni yako yote.

Sayari nne za mwanzo, Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi, ziko karibu karibu hapo unazimaliza kabla hujaanza kuchoka. Ndo sasa ufuate njia kwenda Mshtarii, hiyo ni kubwa kuliko zote na bado ni sentimita moja na nusu hivi, na hapo ndo unaanza kuona mwendo unavyorefuka, unatembea unatembea, majengo yanapita, sayari haionekani, watoto wanaanza kuuliza tumepotea? Hamjapotea, ndivyo ilivyo, huko juu sehemu kubwa ni utupu mtupu. Neptuni iko kama mita 450 kutoka kwenye balungi lenu na Pluto karibu mita 600, umeshavuka Colorado Avenue.

Kuna mchezo mmoja wa kufanya njiani. Kwa kipimo hiki mwanga unatembea sentimita 3 kwa sekunde. Mwambie mtoto awe mwanga, aburuze mguu sentimita tatu, moja, sentimita tatu, mbili. Kutoka Jua mpaka Dunia itamchukua dakika nane na kidogo na ndo hivo hivo inavyomchukua mwanga wenyewe. Atavumilia dakika moja alafu atakimbia, sio mbaya, ameshaelewa. Kwenda Pluto kwa mwendo huo ni saa tano na nusu.

Na akikuuliza nyota ya jirani kabisa ukitoa Jua letu ingekuwa wapi, mwambie hivi, kwa kipimo hiki hiki ambacho Jua ni balungi na Dunia kidoti, Alfa Sentauri ingekuwa zaidi ya kilomita 4,000 kutoka hapo mliposimama. Hiyo ni kama kutoka Nairobi mpaka Cape Town kwa ndege, na katikati hapo hakuna kitu.

Huo mfano uliwekwa kwa kuwakumbuka wanaanga wa chombo cha Challenger waliokufa mwaka 1986. Mmoja wao, Ellison Onizuka, alisoma hapo hapo chuoni. Na Kalpana Chawla naye alichukua PhD yake hapo mwaka 1988, yeye akafa na chombo cha Columbia mwaka 2003. Ukiwa na binti anayesema hesabu sio za wasichana, hilo jina la pili mpe.

Hatua ya 6: ndani ya kuba

Kaa nyuma, katikati. Mbele utavunjika shingo. Simu zima, sio kuweka sailenti, zima, mwanga wa simu moja mle ndani unawaharibia watu wote wa upande wako. Saa za mkononi zinazowaka nazo vua utie mfukoni. Na viatu vya watoto vile vyenye taa kwenye soli, jamani, vile viatu! Mtoto anatingisha miguu kwa furaha kila sekunde tatu ukumbi unamulikwa nyekundu na bluu. Mvalishe vingine siku hiyo. Chakula acheni nje.

Wakianza kukurusha angani, kuba lote likiwa linazunguka, wengine wanasikia kizunguzungu au kichefuchefu. Funga macho sekunde kadhaa tu, kinaisha, kwani kiti chako hakijaenda popote, ni macho yanadanganya mwili.

Sasa nimefika kwenye lile nililosema nitalirudia. Ikifika wakati wa maswali, nyoosha mkono uombe akuonyeshe anga la nyumbani. Usiombe "Afrika", Afrika ni kubwa, taja mji: Mombasa, Goma, Tabora, Bujumbura, sema usiku wa leo saa tatu. Mashine inaweza. Na hapo utaona kitu ambacho ukiwa nje Boulder huwezi kukiona hata usubiri mwaka mzima.

Ni hivi. Boulder iko nyuzi 40 kaskazini ya ikweta, tena sio karibu karibu, ile barabara inaitwa Baseline Road kusini mwa kampasi inafuata mstari wa nyuzi 40 wenyewe. Kwa sababu hiyo Nyota ya Kaskazini inakaa juu nyuzi 40, nyoosha mkono ufunge ngumi, hesabu ngumi nne kutoka upeo wa macho kwenda juu utaikuta, na nyota zote zinaizunguka hiyo kwa mshazari, nyingine hazizami kabisa usiku kucha. Kwetu kwenye ikweta hiyo nyota imelala chini kabisa kwenye upeo, Mombasa ndo haipo kabisa, na nyota zinachomoza wima zinapita juu ya kichwa zinazama wima. Msalaba wa Kusini ambao bibi alikuwa anakuonyesha, ukiwa Boulder hauchomozi. Haupo. Nge naye, lile kundi la nyota lenye nyota nyekundu kifuani, nyumbani anapita juu juu, huku anatambaa chini kusini na mkia wake unagusa milima. Orioni, kundi lingine la nyota lenye umbo la mtu, naye nyumbani anachomoza amelala ubavu, huku anasimama wima kama anataka kupigana. Na ule mwezi mwandamo, nyumbani umelala chali, huku umeinama, kuna miezi unasimamia ncha kabisa.

Mwombe huyo mtangazaji akimbize usiku mzima wa mji wako kwa dakika moja, alafu arudishe Boulder akimbize tena. Ukishaona hivo viwili vikifuatana, mara moja, utaelewa kitu kuhusu hii dunia kuwa mviringo kuliko ulivyoelewa darasa la tano. Na mara nyingi mtangazaji mwenyewe anafurahi kuliko wewe, mana kila siku anaonyesha anga la Colorado.

Kiingereza kikikusumbua mtume mwanao aulize. Ndo kazi yao hao, wanatutafsiria hospitali, wanatutafsiria shule, leo watafsiri jambo zuri.

Kama ni kipindi cha baridi na Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana, kipo angani, ukiona anakionyesha waambie watoto huyo ndo Kilimia, wale waliotutangulia wakimwangalia yeye wanajua msimu. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mtangazaji atawapa majina ya Kigiriki, wewe wape la kwenu, na hilo linatokana na kulima.

Hatua ya 7: toka uende kwenye darubini

Jaketi. Nasema tena jaketi, kofia, soksi nzito. Boulder iko mita 1,655 juu ya usawa wa bahari, chini ya Nairobi kidogo, kwa hiyo tatizo sio mwinuko, tatizo ni kwamba huku hewa ni kavu na jua likishaondoka joto lote linaondoka nalo. Na kule darubini zilipo hakuna hita na sio ubahili, hewa ya moto ikichanganyika na ya baridi mbele ya darubini picha inacheza cheza kama unaangalia juu ya lami mchana, kwa hiyo panaachwa pawe na baridi sawa na nje.

Macho yanataka dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza. Ukitoa simu kuangalia nani kaposti nini, umeanza upya. Kama lazima umulike chini tumia mwanga mwekundu.

Foleni ikifika kwako, mikono nyuma au mfukoni, usishike darubini, watu wakiona kitu kirefu wanapenda kukishikilia kama mti wa kwenye daladala, ukishika tu imehama na wote walio nyuma yako wanasubiri ilengwe tena. Sogeza jicho moja kwenye kioo, lile lingine liache wazi ukiweza, kulifinya kunachosha. Miwani ya kuona mbali au karibu unaweza kuvua, unaomba tu wakurekebishie. Usione aibu kukaa, sekunde mbili hazitoshi kuona chochote, vuta pumzi, subiri hewa itulie, picha itakaa sawa ghafla. Kama kitu ni hafifu usikikodolee, angalia pembeni yake kidogo, sehemu ya jicho inayoona gizani iko pembeni sio katikati, utashangaa kinavyojitokeza.

Na usitegemee rangi. Hapa ndo watu wanavunjika moyo. Zile picha za kwenye intaneti za zambarau na waridi zilipigwa na kamera iliyokaa wazi muda mrefu ikikusanya mwanga, jicho lako halikusanyi, linaona papo hapo, na kwenye mwanga hafifu jicho halioni rangi. Nebula ya Orioni utaiona kama moshi wa kijivu, pengine na ukijani kidogo. Galaksi ya Andromeda ni ukungu, basi, lakini huo ukungu mwanga wake umeondoka huko miaka milioni mbili na nusu iliyopita na umekuja kuishia kwenye jicho lako wewe, sio kwenye kamera ya mtu. Mimi naona hiyo inatosha. Wapo wasioona hivyo na sigombani nao.

Zohali ndo haijawahi kumwangusha mtu. Ina pete, na ziko kweli, watu wazima wanageuka kuangalia mbele ya darubini kama kuna stika imebandikwa. Mwaka 2025 hizo pete zilitugeukia ubavu zikawa nyembamba mpaka zikakaribia kupotea, tangu hapo zinafunguka tena mwaka hadi mwaka. Mshtarii nayo utaona mikanda na vinyota vinne vimejipanga pembeni, hivyo ni miezi yake minne mikubwa, ukirudi kesho vimebadilisha nafasi. Uliza leo kuna nini, usiagize kama hotelini, kuna vitu viko angani mwezi huu na vingine viko upande wa pili wa Jua.

Picha ya simu kupitia darubini, kwa Mwezi inatoka vizuri, omba ruhusa kwanza, weka kamera pale jicho linapokaa, usitumie flashi. Kwa vitu vingine vyote achana nayo.

Ukitaka kupeleka kundi zima

Kanisa, msikiti, chama cha Wakongomani, shule ya wikiendi ya Kiswahili, chochote. Fiske wanapokea mashule na makundi kwa kupanga kabla, waandikieni wiki kadhaa mbele. Kwenye hiyo meseji semeni mambo matatu tu: mko wangapi na umri gani, mnataka ya laivu sio filamu, na mnaomba anga la mji fulani wa nyumbani. La nne la hiari, ombeni mtu wenu apewe maiki atafsiri. Huyo mtafsiri mchague mapema na apitie majina kidogo, sio mtu anapewa maiki pale pale anaanza "eee hii kitu ni ile kitu". Wazee wakae viti vya pembeni karibu na njia. Kama ni Ramadhani angalieni futari isigongane na shoo, kama ni Ijumaa ya kawaida ya baridi Isha inaingia mapema mnaswali mnaenda.

Na walioko nyumbani wanaoniuliza mbona sisi hatuna, Nairobi mna Travelling Telescope ya Susan Murabana na mumewe Chu Owen, wana darubini na wana planetariamu, wanazunguka mashuleni pia. Watafuteni.

Kwa wa hapa, darubini zikifungwa watu wanatoka kwa mpigo na paking inasongamana, wa basi ndo waondoke mapema kidogo. Ukikosa basi moja usiku huo, linalofuata linachelewa, na ile benchi ya Broadway ni ya chuma.